Mshenga Asiyeonja

Kila alfajiri, kabla hajavaa viatu, Sadock alimpigia simu mama yake. Hawakuwa na maneno mengi. Mama yuko Gonja, Upare, ambako jua limekwisha kupita utosini na yeye amekaa uani anachambua maharage. Huku Haltom City, Texas, karibu na Dallas, bado ni giza, taa za ghala la ng'ambo ya barabara zinawaka bila mtu. Sadock alisema, "Mama, nimeamka." Mama akauliza, "Umeamka na nani?" Naye akajibu, "Nimeamka na mimi mwenyewe." Basi. Simu inakatwa, viatu vinavaliwa, mtu anakwenda kazini.

Asiyejua angedhani ni utani wa mama na mwanawe. Haukuwa utani. Maana yake ni kwamba usiku umepita na hakunywa. Kulikuwa na miaka ambayo Sadock alikuwa akiamka na mtu mwingine ndani yake, mtu wa macho mekundu na ulimi mzito, ambaye mkewe Abigail hakumjua wala hakutaka kumjua. Mtu yule alikuja kuondoka siku ya barafu. Ilikuwa siku moja ya baridi kali, shule zikafungwa mapema, barabara za Fort Worth zikawa kioo kitupu, na Sadock, aliyetakiwa kumchukua binti yake, alikuwa amelala kwenye kochi na chupa iko chini ya kochi. Mtoto alikaa kwenye ngazi za shule mpaka mfagiaji akamwona. Hakulia. Alipofika nyumbani alivua koti lake, akalitundika, na tangu siku ile akawa hamwombi baba yake kumpeleka mahali popote. Hilo ndilo lililomkata Sadock maini. Angelia, ingekuwa nafuu.

Akaacha. Hakwenda kwa mganga wala kwa mchungaji kuwekewa mikono mbele ya watu. Aliacha tu, kwa meno, kama mtu anavyong'oa mwiba. Akapata kazi ya kuendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Wazee wa Kimeksiko, wazee wa Kizungu, na bibi mmoja wa Kilao ambaye kila mara alimtilia embe bichi na chumvi kwenye mfuko wa koti bila kusema neno. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Binti siku moja akaja na begi lake la mpira, akasimama mlangoni, akasema kwa Kiingereza, "Dad, can you take me?" Sadock alikwenda kwanza bafuni kuosha uso, ndipo akachukua funguo.

Sasa, watu wetu wa Dallas mnawajua. Mtu akilewa akaanguka kwenye sherehe, watasema, "Mwacheni, amefurahi." Mtu akiacha pombe, huyo ndiye wa kuchunguzwa. Ana nini? Amelogwa? Amejiunga na dhehebu? Anajiona? Kwenye kila harusi, kila kipaimara, walimzunguka Sadock na chupa zao na kumwambia onja tu, kuonja si kunywa. Na hao hao, sherehe ikiisha, walimjia wakiyumba, wamemshika bega: "Sadock ndugu yangu, si utanipitisha nyumbani? Wewe uko salama." Mdomo ule ule! Uliokucheka saa mbili zilizopita ndio huo unakuomba lifti. Na yeye aliwapitisha. Aliwafunga mikanda kama watoto.

Lakini ulimi alikuwa nao. Hilo hata maadui walikubali. Sadock akisimama kusema, watu waliacha kutafuna. Ndiyo maana Elibariki alipotaka kuoa, mwaka 2019, alimfuata yeye.

Elibariki alikuwa kijana wa Kimeru, kazi yake kompyuta, anakaa Dallas kwenye ghorofa lenye bwawa la kuogelea ambamo hajawahi kuogelea. Alimpenda Joyceline, msichana wa Kichaga aliyesomea uuguzi Houston na kukaa kwa baba yake mkubwa, Bwana Melkiori, kule Pearland, pembezoni mwa Houston. Baba mzazi wa Joyceline alikwisha kufariki, kwa hiyo neno la posa lilikuwa mdomoni mwa Melkiori. Elibariki alikuja Haltom City Jumapili baada ya ibada, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Anko, naomba uwe mshenga wangu."

"Nitakwenda," Sadock alisema, "lakini nakwenda na ulimi, siendi na koo. Sinywi. Waambie kabla, nisije nikaaibisha mtu wala mtu asije akaniaibisha."

"Hiyo ni kitu kidogo, Anko. Nampigia sasa hivi."

Akampigia pale pale, simu ikiwa kwenye spika. Melkiori alikuwa na sauti nene ya mtu anayesikilizwa kazini. Alifanya kazi maabara kwenye moja ya zile hospitali kubwa za Houston, na alizungumza kama vile kila sentensi anaibandika lebo. "Mshenga hanywi? Hakuna shida kabisa! Sisi tunataka maneno yake. Karibuni sana. Ila Elibariki, mwanangu, usisahau zile chupa."

Zile chupa. Hapo ndipo habari ilipo. Kwa Wachaga, posa bila mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ni barua bila sahihi, na mbege Texas utaipata wapi? Wengine huleta bia, wengine mvinyo, mambo yanakwisha. Lakini Melkiori alikuwa amepatwa na ugonjwa wa wiski. Wala si wiski ya dukani tu. Alitaka single malt, ile ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, isiyochanganywa na ya jirani. Alikuwa na kabati lenye taa ndani, chupa zimepangwa kama watakatifu. Mwaka ule alisoma mtandaoni kwamba kuna kiwanda kidogo cha mashambani Uingereza, familia moja tu na ghala lao, wametoa wiski zao za kwanza tatu, na kila mtu anajua wiski ni ya Waskoti, sasa Waingereza wameanzaje? Akawa hana usingizi. Akaamua: badala ya mbege, upande wa mume ulete hizo tatu, zifunguliwe siku ya posa, zionjwe na wazee. Elibariki alihangaika mpaka akampata mfanyakazi mwenzake anayetoka London, akazileta ndani ya soksi.

Jumamosi moja ya Novemba waliondoka Dallas asubuhi. Walikuwa wawili tu, kwa sababu waliokuwa wameahidi kuwasindikiza walipangiwa zamu, na huku zamu haibembelezwi. Sadock alishika usukani wa gari la Elibariki, suti yake ya kijivu imetundikwa nyuma, chupa tatu zimefungwa mkanda wa kiti kama abiria. Njia nzima ya kwenda Houston alijizoeza maneno: tumeona ua katika bustani yenu, na kadhalika, lakini alikuwa na yake mazuri zaidi, juu ya mlima na tambarare yake, kwamba maji ya mlimani hayaombi ruhusa kushuka lakini huombewa mfereji. Elibariki alicheka kwa furaha. "Anko, hiyo lazima uiseme hivyo hivyo!"

Nyumba ya Melkiori ilikuwa na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari, na nyuma yake ziwa la kuchimbwa, na bata. Melania, mkewe, aliwapokea kwa mikono miwili. "Karibuni jamani, karibuni, mmechoka na njia." Sebuleni alikuwepo pia jirani yao Onyancha, Mkenya dereva wa malori makubwa, ambaye Melkiori alimwalika kwa kuwa ndiye mwenzake wa kuonja. Joyceline alikuwa ndani kama desturi inavyotaka, lakini mlango wa korido haukufungwa vizuri na kila mtu aliuona ukingo wa gauni lake la kijani.

Maneno yalikwenda vizuri. Sadock alisimama, akatoa mlima wake na mfereji wake. Melania alisahau kitambaa mkononi. Onyancha alisema, "Huyu jamaa ako na mdomo ya dhahabu, wallahi," ingawa ni Msabato. Hata ukingo wa gauni ukasogea. Na kwa vile Wapare na Wachaga ni watani, Melkiori akachokoza, "Maneno mazuri kweli, ila nimeshangaa. Mpare anatoa maneno mengi hivi bure?"

"Mangi," Sadock akamjibu kwa cheo cha machifu wa Kichaga, "ningekuwa Mchaga ningeshakupa risiti."

Wakacheka wote, na ingeishia pale ingekuwa posa nzuri kuliko zote zilizopata kufanyika Pearland.

Melkiori akaleta glasi. Zilikuwa na kiuno chembamba na tumbo la duara, na pembeni kichupa cha maji na kibomba chake kama cha dawa ya macho. Akazifungua zile chupa moja moja, akamimina kidogo kidogo, glasi tatu mbele ya kila mtu. Mbele ya Sadock pia.

"Mangi, mimi bado ni yule yule tuliyesema kwenye simu," Sadock alisema kwa upole, akazisogeza pembeni.

"Ngoja kwanza, ngoja." Melkiori alikuwa amezamisha pua ndani ya glasi. "Msizinywe kama soda. Zinuseni, mdomo uwe wazi kidogo. Hii ya kwanza imelala kwenye pipa lililokuwa na mvinyo mtamu wa Kihispania. Nasikia ndizi mbivu. Jamani! Ndizi ile ile ya mbege. Nasikia asali. Nasikia, nasikia ngozi ya kiatu."

"Kiatu ulikula lini?" Melania aliuliza.

"Hii ya pili," akaendelea, hamsikii, "pipa bichi, mti mtupu. Na ya tatu, hii hapa, shayiri yake wameikausha kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Nuseni! Jiko la bibi yangu Kibosho, ukiinama kuchochea."

Onyancha alinusa, akafumba macho, akapeleka glasi mdomoni. Melkiori akamshika mkono.

"Bado. Kwetu Kibosho pombe ya posa haiingii mdomoni mwa mwenye binti kabla haijapita kwa aliyeileta. Aliyeileta ndiye anayejua alichotia. Kwa hiyo mshenga aonje kwanza."

Sadock aliweka mikono yake magotini.

"Desturi naiheshimu," alisema. "Aliyezileta ni Elibariki. Aonje yeye."

"Bwana harusi haonji. Bwana harusi anaonjewa."

"Basi tuwekeeni mtu mwingine."

"Wa upande wenu yuko wapi? Mmekuja wawili. Onyancha ni wa kwangu."

"Kweli mimi ni wa kwake," Onyancha alisema kwa huzuni, akiitazama glasi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana baadaye watu wamelisimulia jambo hili upande upande, wakasema Sadock alileta kiburi. Melkiori alijua. Alikuwa ameambiwa wiki kadhaa kabla, kwa sauti, mbele ya shahidi, akasema hakuna shida kabisa. Hakusahau. Mtu anayekumbuka moshi wa jiko la bibi yake hasahau simu ya mwezi uliopita. Ila kuna watu ambao wakiambiwa mtu fulani hanywi, wanasikia mtu fulani anangoja kushindwa.

"Tone moja, mtani," Melkiori alisema, sasa anatabasamu. "Kuonja si kunywa. Hata daktari atakwambia."

"Gusisha mdomo tu, shemeji," Melania alisaidia, akitaka heri. "Gusisha, uweke chini, tule."

"Mama, kwetu wanasema sumu haionjwi."

Hapo Melkiori akaketi wima. "Umeziita sumu? Chupa za posa ya binti yetu umeziita sumu, ndani ya nyumba yangu?"

"Nimesema kwangu mimi ni sumu. Kwako ni ndizi mbivu. Sigombani na pua yako."

"Haa! Mnamsikia Mpare na kesi zake? Anataka twende mahakamani!" Lakini kicheko chake hakikuwa na meno. "Au kuna kitu mmetia humo ndiyo maana unaogopa? Maana kwetu anayekataa kuonja alichokileta, tunajua maana yake."

Elibariki alikuwa anatoka jasho. "Anko," alinong'ona, "Anko, tafadhali. Ni leo tu. Nani atakuona?"

Sadock alimgeukia akamtazama. Nani atakuona! Kijana huyu huyu, aliyekaa kwenye ukingo wa kiti kule Haltom City akaahidi.

"Nitaona mimi," alisema.

Melania akasimama, akapiga makofi madogo kama mtu anayefukuza kuku. "Basi, basi, wanaume. Mshenga ataonja chai yangu. Chai ya tangawizi, nimeipika mwenyewe kwa ajili ya shughuli hii. Akiinywa chai ya nyumba hii, itahesabika ameonja. Baba, unakubali?"

Melkiori alikubali, na alikubali haraka mno. Sadock alilishuku hilo, lakini alikuwa amechoka, na mama mwenye nyumba alikuwa ameingia katikati kwa heshima yake yote. Melania akaenda jikoni. Melkiori akamtazama Elibariki, akainua nyusi kuelekea jikoni, na Elibariki akanyanyuka kwenda kusaidia kubeba sinia. Njiani alipita kwenye meza ya chupa.

Chai ikaja, ya maziwa, inatoa moshi, tangawizi inapanda puani mpaka machozi. Elibariki ndiye aliyemkabidhi kikombe. Sadock aliona kwamba kila mtu anamwangalia mdomo, isipokuwa Onyancha, aliyekuwa anaangalia feni ya darini kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuona feni.

Akanywa.

Ilikuwa imefika kwenye ulimi kabla hajaijua. Chini ya tangawizi, chini ya maziwa, kulikuwa na ule moto mwingine, wenye moshi, na jambo baya kuliko yote, jambo ambalo halikumwacha usiku mwingi baada ya pale, ni kwamba ulimi wake uliipokea vizuri. Uliipokea kama mgeni aliyekuwa akingojewa. Mwili wake mzima ulisema karibu. Ile miaka yote, barafu, ngazi za shule, begi la mpira, yote ilisimama pale kwenye koo lake, kwenye ule mlango mdogo, ikingoja aamue.

Akatema. Alitema yote ndani ya kikombe, mbele ya wazee, kwenye posa, tendo ambalo kwa watu wetu ni kama kutema usoni.

Na unadhani walishtuka? Melkiori alipiga meza kwa kiganja. "Ameonja! Imepita mdomoni! Mmeona wote, sheria imetimia! Sasa jamani, tunywe!" Akainua glasi yake, Onyancha akainua yake, na Elibariki, Mungu amsamehe, alipiga makofi. Walikunywa. Walikunywa ya kwanza, na Melkiori akapayuka, "Ndizi! Si niliwaambia?" huku Sadock amekaa na kikombe cha mate yake mkononi.

Melania peke yake hakucheka. Alichukua kile kikombe, akakinusa, uso wake ukabadilika. "Chai yangu," alisema. "Chai yangu mmeifanya nini?"

"Kifuniko kimoja tu, mama," Elibariki alisema. "Kidogo tu. Nilitaka mambo yaende."

Sadock alisimama. Hakupaza sauti, waliokuwepo wanasema afadhali angepaza.

"Bwana Melkiori. Ulisema ndani ya simu kwamba unataka maneno yangu. Nimekupa yote niliyokuwa nayo. Hayakukutosha, ukataka na koo langu. Unaonja vizuri, nimekuona. Unaweza kusikia asali ambayo haimo na kiatu ambacho hakimo. Lakini mtu mzima amekaa mbele yako, amekwambia kwa Kiswahili, sinywi, hilo hukulisikia. Pua yako inafika Uingereza, haifiki upande wa pili wa meza."

"Taratibu, mtani, huu ni utani tu..."

"Utani una watu wawili. Mimi sikuwemo." Alimgeukia kijana. "Na wewe. Yeye simfahamu, ni mwenyeji aliyeleweshwa na kabati lake. Wewe nilikubeba. Ulipita kwenye meza ile ukijua. Binti yangu anajua kwamba nikimwambia nakuja, nakuja. Unajua nilikinunua kwa bei gani kitu hicho, kuaminiwa na mtoto? Umekitia kwenye chai, kwa kifuniko."

"Anko, nisamehe. Lakini imeshapita, wamekubali! Sema tu lile neno la mwisho, kwamba tumeonja na ni safi, tumalize. Bila wewe posa haifungwi."

"Mimi sikuonja. Mimi nimelishwa. Sisemi neno la uongo kwa ajili ya mtu aliyenilisha kwa siri."

Mlango wa korido ulifunguka. Joyceline alitoka na gauni lake la kijani, jambo ambalo halifanyiki, mchumba kutoka kabla hajaitwa. Baba yake mkubwa akafungua mdomo kumrudisha, lakini yeye hakumtazama. Alimtazama Elibariki, mikono yake hasa.

"Ni wewe uliyetia?"

"Joy, it was nothing, nilikuwa najaribu tu..."

"Mimi ni nesi," alisema. "Kila siku watu wanafungua midomo wanameza nilichowapa, hawaulizi. Kesho ukiniletea chai, mimi nitajuaje?"

Elibariki akaitia mikono mifukoni. Mpaka leo sijasikia kwamba amepata jibu.

"Ingia ndani, mtoto!" Melkiori alifoka. "Na wewe Sadock, keti. Keti tuongee kama wanaume. Mtu haachi ushenga katikati, ni laana!"

"Laana ni yenu, mtaigawana." Sadock alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani katikati ya zile glasi, akachukua koti lake kwenye kiti. Kwa Melania aliinamisha kichwa. "Mama, chai yako ilikuwa nzuri. Ningeimaliza."

Melania akafuta machozi kwa kile kitambaa chake.

Hakuna aliyemfuata mara moja. Melkiori alisema, "Mwacheni, hasira za Mpare, anakwenda kupunga upepo kwa bata. Atarudi chakula kikiwekwa." Wakamwachia kiti. Melania aliwasha moto, akapasha ndizi na nyama, akapanga sahani, na sahani moja akaifunika na nyingine ili isipoe. Onyancha aliaga mapema, akasema amekumbuka mzigo wake. Joyceline alikuwa amejifungia chumbani, na Elibariki amesimama nje ya mlango ule akizungumza na mbao.

Sadock wakati huo alikwisha kupita bata. Alikuwa amesukutua mdomo kwenye bomba la kumwagilia nyasi za mtu asiyemjua, akasukutua tena, akatema mpaka ikawa ni maji tu. Kisha akatoka kwenye lango la mtaa, hapo njia ya miguu inapokwisha kwa sababu huko hakuna anayetarajiwa kutembea, akaingia kwenye majani ya kando ya barabara kuu na suti yake na viatu vyake vya posa. Magari yalipita, mengine yakapiga honi. Simu ikalia, jina la Elibariki. Ikalia tena. Akaizima, akabadilisha mkono wa kushikia koti, akaendelea kutembea kuelekea kituo cha basi la Dallas, na nyumba ile hakuikanyaga tena.